Shusha spinaka kabla upepo haujakuzidi

Upepo wa nyuma ni mdanganyifu. Unavuma noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), mashua inakwenda 6, nawe unausikia kama 9 tu. Geuza omo, yaani mbele ya chombo, kuuelekea ndipo utaujua. Kwa hiyo spinaka ya pande zisizolingana, tanga kubwa jepesi la mbele, ishushwe mapema.

Elekeza tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye upepo mpaka tanga kuu liifunike spinaka, inywee. Legeza demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, kwanza, ndipo uvute soksi, mfuko mrefu wa kuifunika spinaka. Demani ikikaza, utapigana na kamba bure. Huna soksi? Fungulia kamba ya goshi, pembe ya chini ya mbele ya tanga, kusanya kitambaa kwa demani nyuma ya tanga kuu. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ibaki na mizungu miwili kwenye winchi, pipa la kuzungushia kamba, itoke kwa mwendo wa mikono inayokusanya. Ikiachiwa ghafla, spinaka huvua maji kama jarife.