Omba ukatibu: namna ya kujifunza kuandika na kusema kibiashara ukiwa bado chuoni

Nafuatilia madeni. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa 7 sasa, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Gerezani, Dar es Salaam. Mabati, nondo, saruji, rangi. Wenye maduka ya mikoani wanachukua mzigo kwa mkopo wa siku 30, na mimi nahakikisha hela inarudi. Kutwa nzima naandika na kuongea: barua, barua pepe, meseji za WhatsApp, simu, na mteja akija mwenyewe namkaribisha kiti tunazungumza. Maneno ndiyo vifaa vyangu vya kazi.

Kila mwaka tunapokea vijana wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kutoka vyuo vya biashara. Wengi wamefaulu vizuri somo la stadi za mawasiliano. Ukiwauliza aina za barua wanazitaja zote, na vikwazo vya mawasiliano wanavitaja kwa mpangilio. Lakini mwambie mmoja, "Mpigie mteja huyu, mweleze mzigo wake umechelewa," utaona mkono unatetemeka. Siwalaumu. Darasa lina watu wengi, somo ni la Kiingereza, mtihani unataka maelezo, basi wanakariri madesa na kufaulu. Inaniuma, kwa sababu muda wa kujifunza jambo hili walikuwa nao. Wewe uliye mwaka wa kwanza, iwe astashahada au shahada, muda huo bado unao.

Nianze na barua, maana barua ndiyo iliyonifundisha mimi. Aprili 2019, nikiwa na miezi michache kazini, niliandika hivi kwa mteja wetu wa Morogoro:

"YAH: UHUSIANO WETU WA KIBIASHARA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza kabisa tunapenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa dhati kwa ushirikiano mzuri ambao umekuwa ukituonyesha tangu tulipoanza kufanya kazi pamoja. Ni matumaini yetu kuwa biashara inaendelea vizuri. Aidha, kumekuwa na salio ambalo halijakamilishwa, hivyo tunaomba ushirikiano wako katika suala hilo."

Mzee yule alinipigia siku aliyoipata. Alinishukuru. "Binti, nimefurahi sana, ni wachache wanaokumbuka wateja wao." Deni hakuligusa, na sidhani kama alikuwa anakwepa. Niliisoma upya barua yangu na kuitafuta hela ndani yake, nikaikosa. Hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna namba ya ankara. Neno "salio" limejificha mwishoni, nyuma ya "aidha". Mtu angejuaje nataka nini?

Niliandika nyingine kesho yake:

"YAH: DENI LA SH. 1,460,000/=, ANKARA NA. 0382. Tafadhali rejea ankara tajwa hapo juu ya tarehe 4 Machi 2019, ya mabati 40 na saruji mifuko 20. Muda wa malipo uliisha tarehe 3 Aprili. Tunaomba ulipe Sh. 1,460,000/= kufikia Ijumaa tarehe 12 Aprili, kwenye akaunti iliyoandikwa chini ya ankara. Kama mzigo ulikuwa na kasoro, au unapenda kulipa kwa awamu, nipigie kabla ya siku hiyo tupange. Tunathamini sana biashara yako."

Shukrani imebaki, ila imehamia mwisho. Kichwa cha barua peke yake kinatosha kumwambia mtu habari nzima hata kama hatasoma zaidi. Na kuna mlango: awamu. Mtu anayedaiwa akiona mlango hupiga simu, asipouona hukaa kimya.

Fanya jaribio hili hapohapo chuoni, halihitaji mwalimu. Andika barua, mpe mwenzako wa chumbani ambaye hasomi kozi yako. Aisome mara moja, kisha mnyang'anye karatasi. Muulize: nani anatakiwa afanye nini, kufikia lini, na kiasi gani? Akisita kwenye swali lolote, usimweleze kwa mdomo. Rudi ukairekebishe barua, kwa sababu mteja wa Morogoro hatakuwa na wewe pembeni ya kumweleza.

Barua ya kwenda ofisi za serikali ina utaratibu wake, na utaratibu huo uuheshimu. Anuani yako, tarehe, Kumb. Na. (kumbukumbu namba), cheo cha unayemwandikia na anuani yake, YAH, kisha maelezo, sahihi, jina lako, cheo chako, na nakala kama zipo. Kumb. Na. si pambo. Barua ikifika inapita masjala, yaani ofisi ya kutunza majalada, na karani wa masjala hutafuta jalada la kuiweka. Ukijibu barua yao bila kutaja kumbukumbu namba yao, unampa kazi ya kubahatisha, na ukifuatilia baada ya wiki mbili utaambiwa haionekani.

Sasa ukatibu. Katika yote niliyofanya nikiwa mwanafunzi, hakuna kilichonifaa kazini kuliko hili. Tafuta kikundi chochote, omba uwe katibu. Kikoba, jumuiya ya dini, chama cha wanafunzi wa mkoa wenu, kamati ya harusi. Mimi mwaka wa pili nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu, vikao 9, kila Jumapili saa 10 jioni, Tabata. Kikao cha harusi kina kila kitu kilichomo kwenye kikao cha bodi: mwenyekiti, mhazini, ajenda, bajeti, watu wanaoahidi, na watu wanaotakiwa kukumbushwa ahadi zao.

Muhtasari nao una njia yake: mahudhurio, kufungua kikao, kupitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yaliyobaki kufuatiliwa kutoka kikao hicho), ajenda za siku, mengineyo, kufunga. Hiyo utaijua kwa siku moja. Kigumu ni kuamua nini kiandikwe. Kikao chetu cha kwanza niliandika, "Wajumbe walijadili kwa kirefu suala la ukumbi na kutoa maoni mbalimbali." Wiki iliyofuata mwenyekiti akauliza ukumbi umelipiwa? Kila mtu alimwangalia mwenzake. Kuanzia hapo nikawa naandika, "Kikao kiliamua ukumbi ulipiwe malipo ya awali ya Sh. 500,000/=. Mhazini alipe kabla ya tarehe 20." Uamuzi, mtu, tarehe. Mabishano yaliyoutangulia uamuzi unaweza kuyaacha, isipokuwa kama mtu ameomba pingamizi lake liingie kwenye kumbukumbu.

Wakati watu wanaongea, usijaribu kuandika kila neno. Pembeni mwa daftari weka herufi za jina, kiasi na tarehe, basi. Halafu muhtasari uandike usiku uleule. Ukilala nao, asubuhi utakuwa na nusu yake.

Na kikao kinachofuata unausoma kwa sauti mbele ya watu 25. Mjomba ananyoosha mkono: "Mimi sikuahidi laki 3, niliahidi laki 2." Hapo ndipo nilipojifunza usahihi, na nilijifunza kwa kudumu. Tangu siku hiyo, mtu akitaja kiasi nakirudia palepale kwa sauti kabla sijakiandika: "Laki 2, mjomba?" Mpaka leo, kila mteja.

Ukatibu pia utakufundisha kudai bila kuvunjia mtu heshima. Meseji niliyokuwa nawatumia wenye ahadi ilikuwa hivi: "Shikamoo mjomba. Ni katibu wa kamati. Ahadi yako ni laki 2, tumeshapokea elfu 80, imebaki laki 1 na elfu 20. Kikao cha mwisho ni Jumapili hii. Asante sana kwa kutushika mkono." Badilisha maneno machache, ndiyo meseji ninayomtumia mwenye duka leo. Maneno yameandikwa kamili, hakuna "xaxa" wala "cjui". Wapo wanaosema WhatsApp ni ya kupiga soga tu. Kwetu Gerezani oda za mamilioni zinaingia kwa WhatsApp, na kijana aliyezoea kukata maneno akiwachatia rafiki zake huyakata hata kwa mteja bila kujijua.

Jambo la saa nalo nilisisitize, kwa sababu linatuhusu sisi hasa. Tunahesabu saa kwa Kiswahili, tunaandika barua pepe kwa Kiingereza. Niliwahi kupanga kikao cha mtandaoni na wauzaji wa Nairobi. Kichwani ilikuwa saa 4 asubuhi, vidole vikaandika 4:00. Wao wakajipanga kwa saa 10 jioni. Meneja wangu alikaa mbele ya kompyuta saa nzima akisubiri, na ile bei tuliyokuwa tunaiwahi ilipita. Kwa hiyo: kwenye Kiingereza andika kwa mtindo wa saa 24, 10:00 au 14:30, na kabla ya kutuma iseme kwa Kiswahili kwa sauti uone kama inalingana. Mwezi uandike kwa jina. 3/4 kuna atakayeisoma tarehe 3 Aprili na kuna atakayeisoma Machi 4. Hela iandike kwa tarakimu na kwa maneno pale inapokuwa mkataba au hati ya malipo.

Kiingereza chenyewe kisikutishe sana. Jiulize kwanza kwa Kiswahili unataka msomaji afanye nini. Ukishapata jibu, liandike kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Wanaoharibu ni wale wanaoanza kuandika kabla hawajajua wanataka nini, wakitumaini maneno makubwa yatawafikisha.

Simu. Kabla hujapiga, andika kwenye karatasi jina la mtu, jambo moja, na namba zote zinazohusika. Halafu salamu, na salamu usizikimbie. Kwa mzee, "Shikamoo mzee," na usubiri "marahaba" ifike. Muulize habari za nyumbani, za biashara. Mara mbili inatosha. Kisha: "Mzee, nina jambo moja la ankara ya Machi, una nafasi ya dakika 2?" Hapo ameshakupa ruhusa. Taja kiasi, halafu nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, vijana wengi wanakijaza kwa kujitetea: "yaani si kwamba tunakusumbua, ila ofisi..." Acha. Mtu anapiga hesabu kichwani, mpe nafasi. Mzee wa Morogoro alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema, "Nusu Jumatano, nusu mwisho wa mwezi." Nikamrudishia: "Kwa hiyo mzee, Jumatano laki 7 na elfu 30, kwa benki, na kiasi hichohicho tarehe 30." "Sawa binti." Tukimaliza simu natuma meseji yenye maneno yaleyale. Alilipa zote mbili.

Kufanya mazoezi, kaeni wawili mkiwa mmepeana migongo. Mmoja awe mteja mwenye hasira ambaye mabati yake yamefika yamepinda. Mgongo ni muhimu: kwenye simu huoni uso, una sauti tu, na ukizoea kusoma uso wa rafiki yako utapotea siku ya kwanza kazini.

Kuhusu kusimama mbele ya darasa, sina mengi. Kwenye kundi la watu 10, kazi ya kusimama huwa inakimbiwa, ichukue. Jirekodi kwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilipojirekodi mara ya kwanza, kwenye dakika 4 nilisema "yaani" mara 31. Sikujaribu kuiondoa kwa nguvu, nilijifunza tu kupumua mahali pake. Na mada uliyoiandaa, kabla ya kumpelekea mwalimu mpelekee mama anayewauzieni chakula pale nje ya geti. Mweleze kwa Kiswahili wakati anasubiri wali uive. Mimi nilimweleza mama wetu maana ya mtaji wa kuendeshea biashara, akanisikiliza, akasema, "Kumbe ni ile hela ya unga wa kesho." Kesho yake ndivyo nilivyoanza mbele ya darasa, na hakuna aliyeangalia simu yake.

Barua ya kwanza ya kweli utakayoiandika labda ni ya kuomba fildi, usingoje tangazo la chuo. Iandike wiki hii. Kwenye YAH weka idara unayoitaka, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Taja jambo moja unaloweza kufanya tangu siku ya kwanza, kama ni kuandika muhtasari, sema, na ambatanisha mmoja ulioandika kwa kweli. Ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya siku 5 za kazi piga simu ukiwa umeishika nakala hiyo, uwasomee tarehe ya muhuri.