Kutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi nyumbani
Pima kwa mizani, wala si kwa vikombe, gramu 500 za mafuta ya nazi, gramu 73 za kostiki soda na gramu 170 za maji. Kiasi hiki huacha mafuta ya ziada kwa makusudi, kwa sababu sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Ukiwa umevaa glavu na miwani, mahali penye hewa ya kutosha, tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, na usithubutu kumimina maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kwani kostiki huila. Mchanganyiko ukishapoa na kuwa vuguvugu, umimine katika mafuta yaliyoyeyushwa, kisha ukoroge mpaka uwe mzito kama uji na mwiko uache alama juu yake. Hapo unaweza kuongeza unga wa mwani, kama wafanyavyo akina mama wa Paje, Unguja, ingawa binafsi napendelea karafuu iliyosagwa laini. Mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, ukate vipande mara sabuni inaposhikana, kwani ya nazi hukauka upesi na kumeguka, halafu uiache kivulini kwa wiki nne hadi sita.