Jinsi ya Kuendelea Kusoma Ukubwani kwa Unyenyekevu na Huruma

Mtu mzima wa Unguja au Pemba anayetaka kusoma, iwe ni fikihi, historia, hesabu za biashara au mambo ya bahari, aanze kwa kuchagua fani moja na kuitengea saa maalumu. Baina ya magharibi na isha ndipo misikiti yetu mingi inaposomesha darsa tangu zamani, na wakati huo unafaa kwa sababu kazi za mchana huwa zimekwisha na akili bado haijachoka kabisa. Wanawake wengi huona alasiri inawafaa zaidi. Hapo mume na watoto wakubwa washike kazi za nyumbani, kwani kumwombea mtu elimu huku umemwachia masufuria yote si kumsaidia.

Kisha tafuta mwalimu, wala usimchague kwa umri. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860 na kufariki Unguja mwaka 1925, alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa rafiki yake na mtu wa rika lake, na hilo halikumzuia kuwa mwanachuoni mkubwa ambaye chuo chake kilitoa masheikh wengi. Ukiona tabu kukaa mbele ya kijana aliyekuzidi ujuzi, tabu hiyo ndiyo ya kuishughulikia kwanza, kabla hujafungua kitabu.

Ukishampata mwalimu, shika kitabu kimoja mpaka ukikhitimu. Desturi ya vyuo vyetu ni mwanafunzi kusoma kwa sauti na mwalimu kumsahihisha na kumfasiria, na naamini mpaka leo hakuna njia iliyoipita, kwa kuwa kosa lako linasikika papo hapo, na wewe unazoea kusahihishwa mbele za watu bila kununa. Katika daftari lako tenga kurasa za yale usiyoyafahamu, uyarudie kila wiki. Darsa za kwenye simu zina manufaa yake, lakini ulilolisikia huko lipeleke kwa mjuzi unayeweza kumuuliza akakujibu.

Wajuzi hao si wote wenye vitabu. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka 1989, na wanawake wanaoingia majini bamvua kwa bamvua wameona kwa macho yao jinsi kotonii, aina mojawapo ya mwani unaolimwa, inavyoharibika maji yakipata joto. Msomi anayetaka kulielewa jambo hilo hana budi kwenda pwani, kutoa salamu, kuomba ruhusa na kusikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza mama wa watu ili amwonyeshe istilahi alizozipata chuo kikuu. Na akirudi na matokeo ya utafiti wake, awarejeshee wenyewe kwa lugha wanayoifahamu, maana ujuzi ule ulitoka kwao.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni namna ya kuwatendea watu baada ya kujua. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha mpeleke muulizaji kwa anayejua, na ukiweza fuatana naye ili nawe usikie jibu. Mzee akikosea barazani, usimsahihishe mbele ya wanawe na wajukuu zake: subiri watu watawanyike, umwendee kwa adabu na umuulize kama anayetaka kufahamishwa, kwa sababu huenda ana hoja usiyoijua. Kosa likiwa la kudhuru watu, kama vile kipimo cha dawa, hapo usisubiri, sema palepale kwa upole. Mtu mzima anayejifunza kusoma herufi akiwa na mvi hastahili kuchekwa hata kidogo, na anayemcheka atakuwa amemfukuza yeye pamoja na wengine waliokuwa wakitazama ili wajue kama nao wathubutu.

Usingoje ukamilike ndipo usomeshe. Ukishalifahamu somo vizuri, chukua mtu mmoja, jirani au mwenzako wa kazini, umsomeshe ulipofika, na mambo usiyoyashika sawasawa yatajitokeza katika maswali yake. Yaandike na uyarudishe kwa mwalimu wako. Mwenye kufahamu polepole mrudie somo bila kuonyesha kuchoka, na akikosa siku mbili mfululizo nenda kwake ukamjulie hali, kwani pengine kuna mgonjwa nyumbani au hana nauli ya daladala.