Kuseti Baggi la Rimoti kwa Mbio za Vumbi, Kuanzia Shokapu

Baggi likitupa mkia kwenye kona, wengi wetu hukimbilia kubadilisha springi. Mara nyingi springi haina kosa lolote. Shokapu moja ina hewa na mwenzake hana, mkono mmoja wa chini unakwama kwenye pini yake, au kolari (pete inayobana springi kwenye shokapu) ya kushoto imekazwa zaidi ya ya kulia. Gari la namna hiyo halisetiki. Leo utaweka springi laini likatulia, kesho utaweka zilezile likapinduka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya mezani, na kona zitakuja baadaye.

Namba nitakazotoa ni za baggi la umeme la kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, linalosukumwa na tairi za nyuma. Ndilo linaloadhibu makosa upesi kuliko mengine. La 1/8 linafuata kanuni zilezile, ila hukaa juu zaidi na hutumia mafuta mazito zaidi.

Andaa kaliba ya vernia, bisibisi za alen, kipande cha kioo au meza iliyonyooka kabisa, mafuta ya silikoni ya shokapu, na daftari. Daftari si hiari.

Hatua ya 1: Mikono ianguke yenyewe

Vua shokapu zote nne. Inua kila mkono wa chini hadi juu kisha uachie. Unatakiwa kuanguka kwa uzito wake tu, bila kusukumwa na bila kusita njiani. Ukisita, vua pini uiviringishe juu ya kioo: iliyopinda itajionyesha kwa kucheza. Kama pini imenyooka, tatizo ni tundu. Lipanue kidogo kidogo kwa kuzungusha rima ya milimita inayolingana na pini, ukijaribu kila baada ya mizunguko michache. Mkono ukibana pembeni, usugue msasa laini kwenye uso unaogusana na bulkhedi (kipande cha chasisi kinachoshika mkono). Kulegea kidogo hakuna madhara. Kukwama ndiko kunakoharibu kila kitu kitakachofuata.

Fanya hivyohivyo kwa vikombe vya tairodi (fito nyembamba za kurekebishia pembe za tairi) vilivyoshika vigololo. Kikombe kipya mara nyingi ni kigumu. Kibane kidogo kwa koleo kikiwa juu ya kigololo na kitaachia.

Hatua ya 2: Shokapu

Hapa ndipo pa kukaa. Zifungue zote nne hata kama gari ni jipya, kwa sababu mtu aliyezifunga kiwandani hakuwa anashindana na yeyote.

Anza na shafti. Iliyochubuka itakata o-ringi na kuvuja, basi usiishike kamwe kwa koleo tupu. Ishike karibu kabisa na nyuzi za skrubu, huku ukiwa umeizungushia kitambaa. Kagua matundu ya pistoni kwenye mwanga. Zilizotengenezwa kwa kumimina plastiki huwa na ndevu ndogo pembezoni mwa tundu, na ndevu moja inatosha kufanya shokapu mbili za mbele, au mbili za nyuma, zipishane. Zikate kwa wembe mkali bila kupanua tundu. Paka o-ringi tone la mafuta kabla ya kupitisha shafti.

Mafuta sasa. Kwa kuanzia, weka takribani 35 wt (namba ya uzito wa mafuta iliyoandikwa kwenye chupa) mbele na 30 wt nyuma, pamoja na pistoni ya matundu mawili ya milimita 1.6 au 1.7. Namba ya wt inatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo 30 ya chupa moja si lazima ilingane na 30 ya chupa nyingine. Ukiweza, nunua mafuta yaliyoandikwa kwa cSt, ambacho ni kipimo halisi cha unato, yaani jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka. Katika mafuta mengi 30 wt huangukia karibu na 350 cSt. Chagua kampuni moja ubaki nayo.

Vuta shafti hadi chini kabisa, jaza mafuta karibu na ukingo, kisha pandisha na kushusha pistoni polepole. Mapovu yatapanda. Usiharakishe: simamisha shokapu kwenye stendi dakika tano hadi kumi mpaka uso utulie. Kufunga kunategemea aina. Shokapu yenye kiwambo cha mpira juu inarudisha shafti kwa kadiri ya mahali shafti ilipokuwa wakati wa kukaza kifuniko: ikiwa ndani kabisa, itarudi kidogo au isirudi, ikiwa nje, itarudi sana. Ile isiyo na kiwambo huacha hewa ichanganyike na mafuta, na ina skrubu ndogo kwenye kifuniko ya kutolea mafuta yaliyozidi unaposukuma shafti ndani taratibu. Hii ya pili usiipime kabla ya kuipampu mara kadhaa, kwa sababu hewa na mafuta vikiwa vimetengana utapata jibu la uongo.

Halafu jaribio ambalo siliruki kamwe. Shika shokapu mbili za mbele zikitazamana, shafti kwa shafti, uzisukume pamoja. Zinatakiwa kuingia kwa kasi moja. Moja ikiingia na nyingine ikagoma, ifungue tena. Zikilingana, pima urefu wa kila moja ikiwa imenyooka kabisa, kuanzia tundu la juu hadi kikombe cha chini. Tofauti ikizidi milimita 0.2, zungusha kikombe kwenye shafti hadi zilingane. Rudia kwa za nyuma.

Watu huchanganya kazi ya springi na kazi ya mafuta. Springi huamua gari litalala kiasi gani, mafuta huamua litalala upesi kiasi gani. Gari linaloinama mno katikati ya kona ndefu linaomba springi. Linaloshtuka unapokata usukani ghafla, kisha likatulia, linaomba mafuta.

Hatua ya 3: Kimo na mizani

Rudisha kila kitu: betri, bodi, tairi za siku ya mbio. Liinue gari sentimita kumi na tano hivi, liachie lidondoke mezani, ndipo upime nafasi kati ya chasisi na meza. Kwenye udongo anza na milimita 20 hadi 24, mbele na nyuma sawa. Kwenye zulia shuka zaidi ya hapo, maana mshiko mkubwa na kimo kikubwa hupindua gari. Ukiwa huna kipimo, geuza kolari mpaka shafti za kuzungusha tairi za nyuma zilale sambamba na meza. Kwa magari mengi hapo ni karibu na mahali sahihi.

Kisha mizani. Weka ncha ya bisibisi chini ya chasisi, mbele, katikati kabisa, uinue polepole. Tairi mbili za mbele ziache meza kwa wakati mmoja. Tuseme ya kulia imechelewa. Mkono utakimbilia kolari ya mbele kulia, lakini ukiwa umeinua pua, gari limesimama kwa tairi za nyuma peke yake, kwa hiyo upande uliozama ni wa nyuma. Ongeza kolari ya nyuma kulia robo mzunguko, au punguza ya nyuma kushoto, ujaribu tena. Kabla ya hapo hakikisha betri na waya havijaegemea upande mmoja, kwa sababu uzito uliokaa vibaya hutibiwa kwa kuuhamisha au kubandika kipande cha madini ya risasi upande wa pili. Kolari itauficha tu. Halafu inua mkia, usome ya mbele kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya 4: Pembe

Haraka tu. Kemba nyuzi 1 hadi 2 hasi, yaani juu ya tairi iegemee ndani, kwa tairi zote nne. Tairi za nyuma zitazame ndani nyuzi 3 kila upande, na za mbele zitazame mbele moja kwa moja au zifunguke nje nyuzi 1. Kasta (mwegemeo wa mhimili wa usukani) na pembe ya mwinuko wa mbele ziache zilivyotoka kwenye kijitabu cha gari. Nimeona watu wakizigusa mapema, na hakuna aliyejua baadaye kilichobadilisha gari ni nini.

Hatua ya 5: Jaribio la kudondosha

Liinue gari sawasawa sentimita thelathini, liachie. Chasisi iguse meza kwa wepesi, kisha gari lirudi kwenye kimo chake na kutulia hapo. Likipiga meza kwa kishindo, mafuta ni mepesi au matundu ya pistoni ni makubwa. Likirudi juu na kuruka tena, springi imeishinda shokapu. Tazama pia mbele na nyuma vinavyopanda: kimoja kikitangulia, gari litapiga mbizi au litakalia mkia kila baada ya kuruka.

Hatua ya 6: Uwanjani, badiliko moja tu

Kwanza tairi. Kama mpira haufai uwanja huo, marekebisho yote yaliyobaki hayatakusaidia. Udongo uliolegea unataka vijino virefu vinavyochimba. Udongo uliobanwa hadi kung'aa unataka vijino vifupi na mpira laini. Tazama tairi za wanaokwenda vizuri hapo, uvae kama zao.

Endesha dakika tano bila kubadilisha kitu. Andika mzunguko bora, na muhimu zaidi, tofauti kati ya mizunguko yako. Gari lenye mzunguko mmoja wa ajabu na minne ya kupinduka ni gari la polepole. Kisha badilisha kitu kimoja, endesha tena dakika tano, na urudi kwenye seti ya mwanzo uendeshe mara ya tatu. Kurudi huko kunachosha, ndiyo. Ila uwanja hubadilika kadiri vumbi linavyofagiliwa, na betri hushuka, na wewe mwenyewe unazoea kona. Seti ya zamani ikienda haraka kuliko ilivyokwenda asubuhi, ujue sehemu ya "faida" ya badiliko lako ilitoka kwenye udongo.

Sasa dalili. Kwanza jiulize ni wapi kwenye kona: unapoachia gesi na kuingia, katikati, au unapokanyaga kutoka. Neno "linateleza" peke yake halisaidii.

Mkia ukitupa wakati wa kuingia, mbele inashika mno kwa ghafla. Weka mafuta mazito kidogo mbele, au punguza mshuko wa nyuma, yaani umbali ambao tairi zinaning'inia ukiliinua gari. Mshuko mrefu nyuma huruhusu uzito ukimbilie mbele unapoachia gesi. Angalia pia breki ya mota kwenye kidhibiti mwendo cha gari. Wakati mwingine tatizo lote liko hapo na shokapu zinasingiziwa.

Mkia ukitupa wakati wa kutoka, weka springi za nyuma zilizo laini zaidi kwa hatua moja, au sogeza betri nyuma ili tairi zinazosukuma zibanwe chini. Ukiwa na washa (vipete vyembamba) za kuinamisha pini za nyuma, kupunguza pembe hiyo huruhusu mkia ukae chini zaidi unapokanyaga, na kwenye uwanja wenye mashimo gari huacha kudunda. Kwenye uwanja usio na mashimo, pembe hiyohiyo ikiongezwa husukuma vizuri. Kwa hiyo usishangae mtu mwingine akikwambia kinyume cha haya, muulize anakimbizia wapi.

Pua ikikataa kuingia, lainisha mbele: springi kwanza, mafuta baadaye. Ikiingia vizuri kisha ikafunguka nje ya kona unapokanyaga, mbele inanyanyuka. Punguza mshuko wa mbele, au sogeza betri mbele kidogo.

Gari likipinduka kwenye kona zenye mshiko, shusha kimo milimita mbili kabla ya kugusa kingine. Bado likipinduka, shusha kigololo cha ndani cha tairodi ya kemba kwa kutoa washa moja chini yake, mbele na nyuma. Hilo hupandisha kitovu cha mlalo, yaani nukta ambayo gari huizunguka linapolala, na gari hulala kidogo. Ukiongeza washa inakuwa kinyume: hulala zaidi na hushika zaidi, jambo linalofaa kwenye vumbi.

Likipiga tumbo baada ya kuruka ilhali kwenye mashimo linakwenda vizuri, usiongeze uzito wa mafuta. Weka pistoni yenye matundu madogo zaidi. Pistoni ikisukumwa kwa kasi, matundu madogo hugoma ghafla na kuikamata chasisi kabla haijafika chini, huku kwenye mwendo wa taratibu ikiendelea kupita. Likidunda kwenye matuta madogo mfululizo kama vile halina springi, ni kinyume chake: matundu yanagoma mapema mno, yapanue au weka mafuta mepesi.

Joto na matunzo

Silikoni hulegea ikipata joto. Seti iliyokuwa tamu asubuhi yenye baridi inaweza kuwa bwabwa saa nane mchana. Ukipanda hatua moja, kwa mfano kutoka 30 hadi 32.5 wt, kwa kawaida utaipata tena ile hisia ya asubuhi bila kugusa springi. Andika hali ya hewa kando ya kila seti, la sivyo ukurasa huo hautakufaa mwezi ujao.

Mafuta yakigeuka kijivu, yana unga wa alumini kutoka ukutani mwa silinda. Yamwage. Shafti ikianza kubaki na utepe wa mafuta yenye vumbi, badilisha o-ringi za pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mpya na kuukuu hazibani sawa, na utajikuta tena mezani ukisukuma shafti kwa shafti.