Rufaa ya mafao ya kukosa kazi Texas: mwenye biashara ndogo ajiandaeje

Umemwachisha mtu kazi, akaomba mafao, Texas Workforce Commission (tume ya jimbo inayosimamia mafao hayo) ikamkubalia, nawe hukubaliani. Una siku 14 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu tarehe barua ya uamuzi ilipotumwa, si siku uliyoifungua. Wikiendi zimo humo.

Rufaa husikilizwa kwa simu, kwa kiapo, na kila neno hurekodiwa. Ngazi za juu huamua zaidi kwa kupitia rekodi hiyo, kwa hiyo usiache jambo la maana ukitumaini kulisema baadaye.

1. Jua nani anatakiwa kuthibitisha. Ukimfukuza, ni wewe: uonyeshe utovu wa nidhamu unaohusiana na kazi. Akiacha mwenyewe, ni yeye aeleze sababu nzito ya kuacha. Mtu aliyejitahidi ila kazi ikamshinda kwa kawaida hahesabiwi kuwa mtovu wa nidhamu. Waajiri wengi huangukia hapa, wakiorodhesha makosa ya kikazi bila kuonyesha kwamba mhusika angeweza kuyaepuka.

2. Andika tukio la mwisho. Afisa anayesikiliza rufaa atakuuliza kwa nini ulimwachisha siku ile na si wiki iliyotangulia. Jibu liwe na tarehe na saa: “Jumanne, Machi 4, 2025, alipangiwa kuingia saa 1:00 asubuhi. Alifika saa 2:45 na hakupiga simu. Februari 18 alikuwa ametia saini onyo la kuchelewa.” Ukisema tu “alikuwa mchelewaji sana,” hujathibitisha kitu. Angalizo kwa tuliozoea saa za Kiswahili: barua ikisema 10:00 a.m., ni saa 4 asubuhi. Kwenye vielelezo, andika saa kama zilivyo kwenye karatasi ya mahudhurio.

3. Tafuta aliyeona kwa macho. Kama msimamizi wa zamu ndiye aliyeshuhudia, awe kwenye simu yeye mwenyewe. Wewe ukisimulia ulichoambiwa, na mfanyakazi akakana kwa kiapo, maneno yake yatakuwa na uzito zaidi. Barua ya shahidi asiyepatikana kuhojiwa nayo ni dhaifu.

4. Tuma nyaraka mapema, kwa afisa na kwa mfanyakazi. Onyo lenye saini, kanuni alizopewa, mahudhurio, meseji zenye tarehe. Weka namba kwenye kila ukurasa ili useme “ukurasa wa 3” na wote wafungue palepale. Asichokiona mfanyakazi kinaweza kukataliwa.

5. Siku yenyewe. Soma maelekezo ya kujiunga usiku uliotangulia. Kama wewe ndiye uliyekata rufaa na hukujiunga, inaweza kufutwa. Ukihitaji mkalimani, omba mara upatapo barua, ni bure. Usimtumie mwanao: neno moja likipinda, ndilo litakalobaki kwenye rekodi. Zamu yako ya kumhoji mfanyakazi ikifika, uliza maswali mafupi, mfano “Hii ni saini yako?”, kisha nyamaza umsikilize.

Ukishindwa, una siku 14 nyingine za kwenda mbele ya makamishna wa tume hiyo, nazo pia huanza na tarehe ya kutumwa kwa uamuzi.