Kabla hujajaza kozi za hiari

Mdogo wangu unayesoma uandishi wa habari hapa Mwanza, ukifika kwenye kozi za hiari usikimbilie ile ya mwalimu mpole. Chukua takwimu. Mimi niliikwepa, nikaja kuumbuka kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba: mama muuza dagaa ananiambia ndoo imetoka 20,000 hadi 25,000, nami naandika imepanda asilimia 20. "Ni 25, mwanangu," akanisahihisha huku akipepeta mchanga. (Ile 5,000 unaigawa kwa bei ya zamani, si mpya.)

Kozi moja inatosha, ila iwe mapema. Mwaka wa tatu una utafiti, utajuta. Uliza kwanza kama alama zake zinaingia kwenye wastani wa shahada. Ratiba ikigongana, omba ukae nyuma usikilize tu.