SOMO: Namna ya kuifanyisha AI kazi za dukani kwako (sio kuiomba "wazo la biashara")

Wakuu salama? Kuna watu kama watano hivi wamenifuata pembeni wanataka nieleze yale mambo ya AI (akili bandia, zile programu za simu kama ChatGPT unaiandikia inakujibu) niliyosema natumia dukani, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja bora niandike mara moja tumalizane. Mimi nauza vyombo Kariakoo, hotpoti, chupa za chai, sufuria, seti za vikombe, jumla na rejareja. Sio mtu wa kompyuta kabisa, kwa hiyo kama unajua kutuma voisi ya WhatsApp haya yote unayaweza.

Kosa nililoanza nalo ndo la wengi. ChatGPT imetoka Novemba 2022, mimi ikanifikia mwaka mzima baadae, nikaifungua kwa mbwembwe nikaandika "nipe mawazo ya biashara Tanzania". Ikanimwagia kumi: fuga kuku, fungua saluni, uza juisi, lima matikiti. Yaani ushauri ambao shangazi yangu anautoa bure kila Idi na bando haliliwi! Nikaachana nayo miezi. Nilivyorudi ndo nikaelewa, nilikuwa naiuliza kitu isichokijua. Haijui duka langu, haijui mteja wangu wa Mbagala anataka nini, haijui kwamba kuanzia tarehe 20 mtu anashika hotpoti anaigeuza geuza anairudisha. Hayo nayajua mimi. Ukiipa unachokijua wewe ndo inaanza kukurudishia cha maana.

HATUA YA 1: ANDIKA KERO, SIO MAWAZO

Weka karatasi chini ya kaunta wiki moja. Kila kitu kinachokuudhi au kinachokula muda andika. Yangu ilikuwa hivi: kujibu bei ileile mara arobaini kwa siku, kujumlisha daftari usiku macho yameshachoka, Mchina wa kiwandani kunijibu nusu nusu, kudai madeni bila kugombana, na dogo wa dukani kunywea mteja akianza kulalama. Hakuna hata moja ya kisasa hapo. Ila hiyo karatasi ndo somo lote, usiiruke, maana anayeruka hii anaishia kutengenezewa nembo ya duka yenye simba mwenye miwani.

HATUA YA 2: IPE DAFTARI

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, ila na daftari lisilosomwa nalo ni walewale. Piga picha kurasa za wiki moja, majina ya watu yafunike, mwanga uwe mzuri, tuma, uiambie "nitolee jedwali: tarehe, bidhaa, idadi, bei, kalipa au kakopa. Pasiposomeka weka alama ya kuuliza, usikisie". Hilo neno usikisie ni la muhimu sana maana hizi programu zimejengwa kukisia, kazi yake ni kutabiri neno linalofuata, kwa hiyo isipoona vizuri haioni aibu, inajaza tu.

Mimi mara ya kwanza ilisoma 7 yangu kama 1, mauzo ya 71,500 yakawa 11,500, elfu sitini imeyeyuka hivi hivi na jedwali limenyooka safi kabisa linapendeza. Nimegundua kwa sababu nilikumbuka yule mama aliyechukua mzigo. Tangu hapo nafanya vitu viwili, saba yangu naikata mstari katikati, na jumla ya mwisho napiga mwenyewe kwa kalkuleta. Jedwali likishakuwa sawa ndo unauliza: kipi kinatoka siku gani, kipi kinakopwa sana, kipi kimekaa tu kinakula nafasi.

HATUA YA 3: ISOME MESEJI ZAKO (hapa ndo utamu ulipo)

Hii hakunifundisha mtu. WhatsApp inakuruhusu kutoa chati yote ikawa faili la maandishi, unaingia kwenye ile chati, vidoti vitatu juu, utaona sehemu ya kuitoa, chagua bila picha. Nikatoa grupu langu la wateja wa rejareja na chati za watu kama sita wanaonunua mara kwa mara. KABLA hujatuma popote fungua hilo faili ufute namba na majina, weka Mteja A, Mteja B, nitaeleza mbele kwa nini.

Halafu nikaiuliza hivi, na naomba uiangalie namna ilivyoulizwa: "Soma meseji hizi. Niorodheshee vitu ambavyo wateja wameulizia nikawajibu hakuna, au sikuwajibu kabisa. Kila kimoja onyesha meseji yenyewe ilivyoandikwa."

Wakuu, nilikaa kimya. Karibu miaka miwili watu wananiuliza "kaka kizibo cha chupa ya chai mnauza peke yake?", "mfuniko wa hotpoti unapatikana?", "kioo cha ndani cha chupa kimepasuka mnacho?" na mimi kote najibu hakuna dada, hakuna kaka, karibu tena. Kila siku nilikuwa naona ni swali la kijinga la mtu mmoja, kumbe ni watu wengi, wameachana tu tarehe. Chupa nzima watu hawanunui kila mwezi lakini kizibo kinapotea, mtoto anakitupa, kioo kinapasuka. Mzigo uliofuata nikaagiza vizibo na vioo, katoni moja ya kujaribu. Sasa hivi ni kona yake kabisa pale mlangoni, na anayekuja kufuata kizibo mara nyingi hatoki na kizibo peke yake.

Angalia, AI haikunipa wazo hapo. Wazo walilileta wateja, lilikuwa kwenye simu yangu limelala. Nilichokosa ni mtu wa kukaa kusoma meseji elfu kadhaa bila kuchoka. Na nimeitaka ionyeshe meseji yenyewe kwa sababu usipoibana itakutungia mteja ambaye hajawahi kuwepo.

HATUA YA 4: ONGEA NA KIWANDA KAMA MTU ANAYEJUA

Wanaoagiza kwa 1688 (soko la jumla la mtandaoni la China) au WeChat (WhatsApp ya Wachina) mnajua shida, unauliza "quality good?" Mchina anajibu "good good", mzigo unafika una kutu. Usiitumie AI kutafsiri tu, iulize kwanza "mnunuzi mzoefu wa chupa za chai za chuma angemuuliza muuzaji maswali gani?" ndo uiambie iyaandike kwa Kichina. Mimi ndo nilijulia hapo habari ya chuma 304 na 201. Vyote stenilesi, vyote vinang'aa, lakini 201 imepunguzwa nikeli ikaongezewa manganizi, ni rahisi zaidi na inawahi kushika kutu. Sasa namuuliza moja kwa moja ya ndani namba ngapi, ya nje namba ngapi, na naomba iandikwe kwenye oda. Majibu yakabadilika siku hiyohiyo, na bei nayo ikapanda kidogo, ndo nikajua zamani nilikuwa nauziwa nini.

Ila hapohapo iliniambia nipime kwa sumaku, nikamuuliza fundi wa kuchomelea akacheka, hizo aina zote mbili kwa kawaida hazishiki sumaku au zinashika kidogo sana, kwa hiyo haikusaidii kuzitofautisha. Ushauri wa AI pitisha kwa mtu mwenye mikono yenye mafuta kwanza.

Na CBM, yaani mita za ujazo, nafasi ambayo mzigo unachukua kwenye usafiri. Katoni ya sentimita 62 kwa 42 kwa 48 ni kama 0.125, katoni 40 ni CBM 5. Iambie ikuonyeshe hesabu mstari kwa mstari, halafu igeuzie swali: "nikitaka mzigo usizidi CBM 4 nipunguze nini ambacho kinachukua nafasi kubwa faida ndogo?" Mimi hotpoti kubwa zilipungua, vikombe vikaongezeka, mzigo uleule wa hela.

HATUA YA 5: IGEUZE MTEJA MKOROFI

Fupi tu hii. Niliiambia "wewe ni mama amenunua hotpoti jana, leo amerudi, inavujisha mvuke, risiti hana, na kuna wateja wengine wanasikiliza. Usikubali haraka". Dogo akakaa nayo kwenye simu anajibizana nayo wakati duka limepoa. Siku ya tatu akaja kweli mama wa hivyo, dogo akamtolea kiti. Zamani angejificha nyuma ya masufuria.

HATUA YA 6: USIIACHIE KAUNTA

Kuna mashine za kujibu wateja zenyewe, zinauzwa sana siku hizi. Mimi sijaweka na sababu ni hii. Air Canada, shirika la ndege zima, mashine yake ya kuchati kwenye tovuti ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kununua tiketi kamili na kudai punguzo la msiba baadae, wakati utaratibu wa shirika hauruhusu. Abiria akadai, wakagoma, na wakajitetea eti ile mashine inabeba majukumu yake yenyewe. Baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la huko Canada, Februari 2024 likawaambia hapana, kilicho kwenye tovuti yenu ni chenu, lipeni. Kama mia nane na kitu dola za Canada. Sasa mashine ikimuahidi mteja wangu hotpoti sita kwa bei ya tatu nami nitasema nini? Kwa hiyo inaniandikia jibu, natuma mimi.

Haya, maswali.

Mama Keki Tabata: Asante kaka somo zuri. Mimi simu yangu ni ndogo na sina hela ya kulipia kila mwezi, nitaweza? Na mimi shida yangu ni bei, nahisi nauza keki kwa hasara.

Jibu: Dada yangu mimi mwenyewe silipii. ChatGPT na Gemini (AI ya Google) zina upande wa bure, ukizidisha maswali inakwambia subiri, nasubiri. Kwenye bei usiiulize "keki niuze bei gani" itakutajia bei ya hewani. Iandikie kila kitu kinachoingia kwenye keki moja, unga gramu ngapi na mfuko ulinunua bei gani, mayai, siagi, gesi, boksi, boda ya kupeleka, na masaa yako. Halafu iulize "nimesahau gharama gani?" Hilo swali la mwisho ndo lenye pesa. Nabashiri umesahau zile keki ulizounguza na vionjo vya bure.

Spea Eldoret: Sema boss. Mi nauza spea za boda huku Eldoret. Hii kitu Kiswahili yake ni ya taarifa ya habari, wateja wangu wakisoma wataona kama ni barua ya chifu. Naeza ifunza iongee kama sisi?

Jibu: Unaweza. Usiiambie "andika Kiswahili cha mtaani", itakuja na maneno ya ajabu hata babu yako hajayasikia. Chukua meseji zako mwenyewe kumi ulizowahi kutuma wateja wakanunua, zibandike, iambie andika kama huyu mtu. Bado utafuta maneno mawili matatu kila mara. Mimi ilikuwa inaniandikia "mteja wetu mpendwa", nani anaongea hivyo Kariakoo.

Mzee wa Kausha Damu: Wewe unawapa wazungu siri zako zote za biashara halafu unashangilia. Kesho wanaleta hotpoti zao.

Jibu: Hahaha mzee, hotpoti walete tu. Ila kwenye siri una hoja. Bei yangu ya kununulia siiweki, namba za simu za watu siweki, picha za miamala yenye majina siweki. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019, taarifa za mteja sio mali yako ya kugawa. Ndo maana nikasema Mteja A, Mteja B. Kwenye mipangilio pia kuna sehemu ya kuzima mazungumzo yako yasitumike kuifundishia, izime.

Ndugu wa Guangzhou: Naenda China mwezi ujao mara ya kwanza. ChatGPT itafunguka kule?

Jibu: Bila VPN (programu ya kupitishia intaneti yako nchi nyingine) haifunguki, na Gemini hivyohivyo. DeepSeek ni AI ya kwao Wachina, ipakue kabla hujaondoka, inaandika Kichina vizuri. Maswali yako ya kiwanda yaandae ukiwa huku, yahifadhi kwenye simu kama picha, sokoni unamuonyesha tu muuzaji. Na usiende karibu na mwaka mpya wao, Januari kuelekea Februari, viwanda vinafungwa utazurura bure.

Dada wa Mitumba Mwanza: Umesema kudai madeni bila kugombana halafu hujaeleza. Mimi ndo nimekuja kwa ajili ya hilo jamani.

Jibu: Kweli nimeruka, samahani. Naandika hali halisi: "huyu ni mteja wangu wa miaka minne, anadaiwa 180,000, amepitisha wiki tatu, nilisikia alikuwa na mgonjwa, sitaki kumpoteza. Niandikie meseji tatu, ya kwanza ya kumjulia hali tu, ya pili ya kumpa nafasi alipe kidogo kidogo, ya tatu iliyonyooka lakini bila matusi". Kisha nazichezea ziwe na sauti yangu. Wa kwanza niliyemtumia ile ya kulipa kidogo kidogo alinirushia elfu ishirini palepale, zilizobaki akawa anapunguza kila Ijumaa. Kuna mwingine nimemtumia zote tatu, zimekaa tiki mbili za bluu mpaka leo. Huyo nasubiri nimkute msikitini.